Asiatique: Injini Hununuliwa Pamoja na Nyaya Zake

Mgeni aingiaye Bujumbura kwa njia ya bandari hana safari ndefu kuufikia mtaa wa Asiatique. Upo jirani na kitovu cha mji, na mtu akiupita anaingia Buyenzi, mtaa mashuhuri wa Waswahili. Jina lake ni kumbukumbu ya ukoloni. Wabelgiji, waliouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliwagawa wakazi kwa asili zao: Wazungu mahali pao, Waafrika mahali pao, na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu mahali pao. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura iligeuka kuwa Bujumbura, lakini mtaa huu ulibaki na jina lake la Kifaransa na ukabaki na biashara.

Leo, mtu atakaye vipuri vya gari huelekezwa Asiatique, na atakaye mikono ya kuvifunga huelekezwa Buyenzi, ambako gereji hupakana na nyumba za kuishi. Lugha ya kazi huko ni Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Usishangae kusikia injini ikiitwa moteri. Msafiri akisimama kidogo kusikiliza, atagundua kuwa ugomvi wa mwenye gari na fundi aghalabu hauhusu chuma. Unahusu waya.

Sababu ya jambo hili imo katika jiografia ya nchi. Burundi huendesha magari upande wa kulia wa barabara, kama Kongo na Rwanda. Kwa hiyo magari yaliyotoka Ulaya huwa na usukani wa kushoto. Lakini magari mengi yaliyokwisha kutumika, pamoja na injini za kubadilishia, hutoka Japani, ambako usukani ni wa kulia. Hushushwa Dar es Salaam, kisha hufuata barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, au reli hadi Kigoma na meli ya ziwani. Njia hizo mbili za biashara hukutana hapa, ndani ya boneti moja.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya 2E ya ukubwa wa 1300 inayotumia kabureta. Injini hiyo ikichakaa, mwenyewe hushauriwa aweke 5A-FE ya 1500 au 4A-FE ya 1600. Hizo hupuliza petroli kwa nozeli, zikiongozwa na kompyuta. Fundi wa chuma akitafuta vishikio vinavyofaa, injini itakaa. Walakini, injini kukubali kukaa si sawa na gari kukubali kwenda. Tita la nyaya, ambalo mafundi huliita wayaringi, lilishonwa kwa gari lisilojua kompyuta ni kitu gani. Na tita lililokuja na injini limekatwa kwa vipimo vya gari la usukani wa kulia. Vitu kadhaa huhama upande kufuatana na usukani, na waya uliotosha kule huweza kupungua dhiraa nzima hapa.

Kosa la kwanza, basi, hufanyika dukani na si gerejini. Mnunuzi huchagua injini iliyokatwa nyaya zake kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ndugu msomaji, nafuu hiyo ni ya siku moja. Injini inunuliwe pamoja na tita lake zima, kompyuta yake, rilei zake na soketi zote, vyote kutoka katika gari moja. Jina la injini peke yake halitoshi. Injini za 4A-FE zilitengenezwa kwa miaka mingi, na zile za magari ya mwaka 1988 hazikufungwa soketi zilezile za magari ya mwaka 1996. Hata soketi ikiingia barabara, hilo si ushahidi kwamba kila pini inakutana na mwenzake.

Kanuni ya pili ni hii: waya hutambuliwa kwa kazi yake, wala si kwa rangi yake. Katika michoro ya Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ni wa ardhi, yaani hasi. Fundi mwenye akili huichukua rangi kama fununu, kisha huithibitisha kwa mita. Tena atumie mita ya tarakimu, kwa maana taa ya majaribio yenye balbu hunyonya umeme mwingi kiasi cha kuweza kudhuru kompyuta. Na awe na daftari lenye safu tatu: kazi ya waya, rangi yake upande wa injini, na rangi yake upande wa bodi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na nyaya ni hivyo hivyo.

Gari likigoma baada ya kufungwa, dalili zenyewe huonyesha pa kuanzia. Ikiwa injini hushika wakati staata inazunguka na kuzima mara ufunguo unapoachiwa, umeme wa kompyuta umechukuliwa katika waya ulio hai wakati wa staata tu. Ikiwa haishiki kamwe wakati wa staata bali hushtuka pale ufunguo unapoachiwa, umeme umechukuliwa katika waya wa redio, ambao hukatika wakati staata inapofanya kazi. Kompyuta huhitaji waya mmoja ulio hai daima kutoka kwenye betri, na mwingine ulio hai ufunguo ukiwa umewashwa na pia wakati wa staata.

Kisha itazamwe ardhi. Nyaya za ardhi za kompyuta hufungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe, na injini nayo huunganishwa na bodi kwa waya mnene. Bolti hizo zikisahauliwa, au zikifungwa juu ya rangi na kutu, injini hutetemeka, taa hufifia, na fundi hubadilisha sensa moja baada ya nyingine bila faida.

Injini hizi zina kipaji cha kujieleza. Ndani ya boneti kipo kisanduku kidogo cha uchunguzi. Matundu ya TE1 na E1 yakiunganishwa kwa kipande cha waya na ufunguo ukawashwa, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza. Konyezo moja, kituo, kisha mawili, ni namba 12: kompyuta haipati habari ya mzunguko wa injini. Namba 14 ni jibu la moto wa plagi lisilorudi. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya hewa inayoingia, na 41 ni ya mkao wa kilango cha hewa. Lakini gari lililozaliwa na kabureta aghalabu halina taa hiyo. Mwenye gari adai ifungwe. Kuiacha ni kuifunga injini kinywa.

Yapo pia makosa yasiyozuia gari kwenda, nayo ndiyo mabaya zaidi. Geji ya joto kwenye dashibodi huhitaji kisensa chake cha waya mmoja. Kile cha nyaya mbili ni cha kompyuta. Vikichanganywa, mshale hutulia pazuri huku maji yakichemka, na injini mpya hufa kabla deni lake halijalipwa. Vilevile, waya mwembamba unaotoka kwenye alteneta kwenda taa ya betri ukiachwa ukining'inia, huenda alteneta isiamke kuchaji, na mwenye gari akanunua betri mbili asijue aliyeibiwa ni nani.

La hatari kupita yote ni pampu ya petroli. Katika mfumo wa asili, umeme wa pampu hupitia rilei inayoukata mara injini inapozima. Fundi mwenye haraka huiunganisha pampu moja kwa moja na ufunguo. Gari likigongwa na injini ikazima, pampu huendelea kumwaga petroli. Tena msukumo wa petroli katika mfumo wa nozeli ni takriban mara 10 ya ule wa kabureta. Mipira ya zamani haikutengenezwa kuubeba. Petroli inayovuja, waya uliosokotwa kwa mkono na kufunikwa tepu, na fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha shaba: vitatu hivi vikikutana, gari huungua na abiria ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mwenye gari ahakikishe mambo haya. Viungio vya waya viwe vimelehemiwa na kuvikwa mpira, si kusokotwa. Fyuzi ziwe za kipimo kilichoandikwa. Pampu inyamaze injini inapozima. Taa za mafuta, betri na injini ziwake ufunguo unapowashwa, na zizime injini inaponguruma. Apewe daftari la nyaya liwe mali yake, ili fundi mwingine, awe Gitega au Uvira, asianze gizani. Na namba ya injini iandikishwe upya serikalini.

Mafundi wa Buyenzi wanaoyafanya haya wapo, nao hutambulika kwa jambo moja: hawatoi ahadi ya jioni ileile. Gari la namna hii aghalabu ni teksi, na teksi ni ada ya shule na unga wa nyumbani. Siku mbili zaidi gerejini ni hasara inayohesabika. Moto barabarani hauhesabiki.