Kabla Hujamwita Mwenzako Tasa

Nina neno na nyinyi wa huku kwetu, kuanzia Diani mpaka Msambweni. Msichana akiolewa, mwaka ukipita tumbo halijainuka, mshaanza: "Huyo ana jini mahaba." "Alimeza P2 nyingi, mji umeungua." Dada yangu mmoja amesikia hayo miaka mitatu sasa. Mumewe hajaulizwa hata swali moja. Jamani, nimechoka.

Hebu tuongee vile mwili unafanya kazi. Chale mwaijua: maji yakitoka unavuka kwa miguu, yakijaa bila boti huendi. Kisiwa ni kilekile, kinachobadilika ni saa. Mji wa mimba nao una saa zake. Kwanza homoni ya estrojeni inaunenepesha ukuta wa ndani. Yai likishatoka, pale lilipotoka panaanza kutengeneza projesteroni, na hii ndiyo inayouandaa ukuta upokee mgeni. Nafasi yenyewe ni fupi, kama siku ya 6 mpaka ya 10 baada ya yai kutoka. Kiinitete kikikuta ukuta haujawa tayari, hakishiki. Damu inakuja, nawe wajua ni hedhi ya kawaida tu.

Kikishika, chenyewe kinatoa homoni ya hCG, ni kama kuuambia mwili: nipo, usikate projesteroni. Hiyo hCG ndiyo inayotafutwa na kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa.

Na P2? Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Haichomi mji wa mimba, wala haikufanyi tasa.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza waliotungishwa maabara mwaka 2006, Nairobi, kwa kazi ya daktari Joshua Noreh. Hata kwa njia hiyo, mama kwa kawaida huongezewa projesteroni, manake kiinitete kizuri peke yake hakitoshi.

Sikatazi mtu kuombewa. Lakini mwaka ukipita, nendeni hospitali wote wawili: mke apimwe homoni na mirija, mume apimwe mbegu. Na hata kwa watu wazima kabisa, viinitete vingi havishiki, na hakuna aliyekosea.

Kwa hivyo ukikutana na bibi harusi wa mwaka jana, muulize habari za kazi. Tumbo lake liache.