Mji wa Sheffield na Mizani ya Wembe

Kaskazini mwa Uingereza, katika nchi ya Yorkshire, upo mji mkubwa uitwao Sheffield. Umejengwa juu ya vilima, na kati ya vilima hivyo hupita mito mitano: Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley. Mtu aliyekwisha kuuona mto Tana ataiita vijito tu. Lakini maji yake hushuka kwa nguvu, na kwa karne nyingi yalizungusha magurudumu ya kusagia vyuma. Vilima navyo vilitoa mawe mazuri ya kunolea. Maji na mawe vilipokutana, Sheffield ikawa mji wa visu na nyembe. Mwaka 1624 mafundi wa visu walipewa chama chao kwa sheria ya Bunge, na chama hicho kipo hata leo.

Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja, jina lake Benjamin Huntsman, alihamia karibu na mji huo. Alitaka chuma kizuri cha kufanyia kamani za saa, naye akavumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Chuma hicho kilikuwa safi, tena cha namna moja kote, na baadaye kikawasaidia sana wafua nyembe.

Mgeni afikaye Sheffield aweza kwenda msitu wa Whiteley, kando ya mto Porter, akaone karakana ya zamani iitwayo Shepherd Wheel. Gurudumu la maji lingali pale, na mawe ya kusagia yamepangwa ndani ya nyumba yenye giza. Hapo ndipo wanoaji walipokaa siku kutwa, vumbi la mawe na chuma likiingia vifuani mwao. Wengi wa wanoaji wa Sheffield walikufa kabla ya uzee kwa ugonjwa wa mapafu. Kazi nzuri haikuwa rahisi kwa aliyeifanya.

Wembe wa kinyozi wa zamani una sehemu mbili. Ya kwanza ni chuma chenyewe: bapa, shingo na mkia. Ya pili ni mpini, nao ni vipande viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa misumari midogo, ambavyo chuma hujikunja kati yake. Watu wengi hudhani kwamba mpini ni pambo na kifuniko cha makali tu. Sivyo. Kinyozi hushika shingo ya wembe kwa vidole vitatu, akaweka kidole kidogo juu ya mkia, na mpini ukasimama nyuma ya mkono wake. Bapa liko upande mmoja na mpini upande wa pili, kama vile mizigo miwili ya mtu achukuaye maji kwa mzegamzega. Mzigo mmoja ukizidi, bega huona taabu mara moja.

Hapo ndipo lilipo jambo la vitu vifanyiavyo mpini. Sentimeta moja ya ujazo wa maji ina uzito wa gramu 1. Pembe ya ng'ombe ni kama gramu 1.3, mti wa mpingo karibu sawasawa na hiyo, na pembe ya ndovu ni kama gramu 1.8. Basi, mipini miwili ikiwa ya umbo moja, yenye ujazo wa sentimeta 10, ule wa pembe ya ng'ombe utakuwa gramu 13, na ule wa pembe ya ndovu gramu 18. Tofauti ni gramu 5, yaani kijiko kidogo cha maji. Ni kitu kidogo, lakini hukaa mbali na vidole, na mzigo ulio mbali huvuta zaidi kuliko ulio karibu.

Mpini ukiwa mzito kupita kiasi, wembe huvuta nyuma na bapa huinuka; kinyozi hulazimika kukandamiza, na akikandamiza hukata ngozi. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, bapa hulemea mbele na mkono huchoka kulizuia. Kwa hiyo bapa pana na nene hutaka mpini wenye uzito kidogo, na bapa jembamba lililochimbwa mbavuni hutaka mpini mwepesi. Mafundi wa Sheffield walitumia pia hila nyingine: mwisho wa mpini, kati ya vile vipande viwili, walitia kabari ndogo ya risasi. Mpini wa pembe ya ng'ombe ukapata uzito mahali pake, bila gharama kubwa.

Sasa msomaji na aulize: ikiwa pembe ya ng'ombe yatosha, kwa nini pembe za ndovu zilitafutwa hivyo? Zilitafutwa kwa weupe na ung'avu wake, na kwa sababu zilionyesha utajiri wa mwenyewe. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilitoka bara letu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizibeba mabegani kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo. Zikavushwa mpaka Unguja, zikauzwa ng'ambo, na nyingine zikafika kwa mafundi wa Sheffield. Huko zilipasuliwa kuwa mipini ya visu na ya nyembe.

Biashara hiyo imekwisha. Gillette wa Marekani alianza kuuza wembe wake wa salama mwaka 1903, na wembe wa kukunja ukapungua. Julai 1989 serikali ya Kenya ilichoma tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi, na mwaka huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara yake. Mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 nyingine. Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka 2018 ya kukataza kuuza pembe hizo, isipokuwa kwa vitu vichache vya kale, nayo ikaanza kutumika mwaka 2022.

Wazee husema, mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mtu mzima achaguaye wembe na aufungue kwanza, auweke juu ya kidole karibu na msumari wa mpini, atazame unaelemea wapi. Ukitulia, basi ni wembe mwema, hata kama mpini wake ni pembe ya ng'ombe aliyechinjwa kwa nyama. Pembe ya ndovu haikuongeza makali hata kidogo. Iliongeza bei tu, na sehemu kubwa ya bei hiyo ililipwa na wapagazi njiani na ndovu porini.