Mnara wa Kale wa Entebbe

Msafiri atokaye Mafubira, kando ya mji wa Jinja, huvuka Mto Nile, akapita msitu wa Mabira na mashamba ya miwa hadi Kampala. Kiasi cha kilomita 40 mbele yake ipo Entebbe, lango la anga la Uganda.

Abiria wa leo hushukia upande mmoja. Upande mwingine upo uwanja wa kale, ambao sasa unatumiwa na jeshi. Ulifunguliwa upya Novemba 10, 1951, njia yake ya ndege ikiwa imerefushwa. Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza aliondokea hapo kurudi London, baada ya kupata Kenya habari za kifo cha baba yake.

Lakini kikumbukwacho zaidi ni usiku mmoja. Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyotekwa nyara ilitua Entebbe, na abiria wakafungiwa katika jengo la kale, lililokwisha kuachwa. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israeli waliwaokoa zaidi ya 100. Walikufa mateka watatu, askari wengi wa Uganda, na kamanda Yonatan Netanyahu. Bibi Dora Bloch, aliyekuwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979 karibu na shamba la miwa, mashariki ya Kampala.

Mnara wa kuongozea ndege ungali umesimama na matundu ya risasi. Mahali palipojengwa ili watu waagane na kupokeana, leo pana lindo la askari.