Babu, Gadi wa Behewa la Mwisho

Ndugu msomaji, mara nyingi nimezungumza nawe juu ya katiba, uchaguzi na wajibu wa raia, kana kwamba mambo hayo huishi katika majengo ya bunge na mahakama tu. Leo niruhusu nikupeleke mahali padogo zaidi: nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Hapo ndipo alipoishi babu yangu mzaa mama hadi alipofariki mwezi Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 85.

Mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 20, Babu aliajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Alianza kwa kupakia mizigo, kisha akapanda cheo akawa gadi wa treni za mizigo. Huenda wewe uliyezaliwa juzi humjui gadi. Dereva hukaa mbele akitazama njia; gadi alikaa katika behewa la mwisho kabisa, akiwa na bendera, filimbi na taa. Usiku, taa nyekundu ya mkiani ndiyo iliyomjulisha mtu wa stesheni kwamba treni imepita nzima. Isipoonekana, huenda mabehewa yamekatika na kubaki njiani. Kazi ya Babu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoondoka ndicho kilichofika.

Kazi hiyo ilimtembeza Nakuru, Eldoret, Malaba na Jinja, na ndiyo iliyompa Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, na Babu akabaki upande wa Uganda. Malipo ya miaka yake ya utumishi aliyafuatilia kutoka ofisi hadi ofisi, na kila alipofika aliombwa karatasi nyingine. Tangu hapo hakuitupa hata risiti ya mbolea. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na alipenda kutukumbusha methali ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wajukuu tulicheka. Tulidhani ni ubahili wa mzee.

Alimwoa Bibi mwaka 1965. Mimi nilimfahamu Babu kama mume katika miaka tisa ya mwisho, Bibi alipokuwa amepoteza uwezo wa kuona. Asubuhi aliwasha moto, akachemsha uji wa ulezi, akamshika Bibi mkono hadi kwenye mkeka chini ya mwembe. Alimfulia nguo na kuzianika mbele ya watu, katika kijiji ambacho mwanamume hashiki beseni la kufulia. Wenzake walimtania kwamba amelishwa limbwata. Yeye aliwajibu kwamba mwanamke huyu alimfulia sare za reli zilizojaa masizi tangu hawajapata mtoto, na hakuna aliyesema kuwa yeye alilishwa kitu.

Kama baba, aliwasomesha watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu, bila kuchagua. Mama yangu alipofaulu kwenda sekondari, Babu aliuza ng'ombe wa pekee aliyekuwa akikamwa. Jamaa wa ukoo walimwambia kuwa anamwagilia shamba la watu wengine, kwa kuwa binti ataolewa. Ng'ombe akaenda, na Mama akawa muuguzi.

Nami kama mjukuu nina deni langu. Nilikulia katika miaka ambayo wengi nchini mwetu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi na wanyang'anyi. Babu alinifundisha kwa saa za jioni, kwa majina ya stesheni na hadithi za safari. Ikiwa leo unanisoma katika lugha hii, mwalimu wangu wa kwanza ni yeye.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya nne baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao. Binamu mmoja wa Babu alisimama akasema kwamba Bibi ni mzee na haoni, hivyo ahamie kwa mmoja wa binti zake, na nyumba pamoja na ekari sita za shamba zirudi mikononi mwa ukoo. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa msaada. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwona akiupapasa mwimo wa mlango kwa vidole, taratibu, toka chini hadi alipoweza kufika.

Ndipo rafiki wa Babu, mwalimu mstaafu, alipoomba nafasi na kutoa bahasha. Ilikuwa na wasia uliotiwa saini mwaka 2016 mbele ya mashahidi wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyerithi chochote. Nyumba ni ya Bibi maisha yake yote. Shamba ligawanywe ekari moja kwa kila mtoto, wa kike sawa na wa kiume.

Ekari sita, watoto watano. Watu wakahesabu kimoyomoyo. Mwalimu akaendelea kusoma: ekari ya sita ni ya binti aliyezaliwa Jinja mwaka 1962, na jina lake likatajwa.

Hakuna aliyekuwa akilijua jina hilo. Bibi alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Miaka 58 nimekaa na mtu huyu, na jina hilo hakunitajia." Akaomba apelekwe chumbani.

Sitakudanganya, msomaji wangu. Babu alikosea kulificha jambo lililotangulia ndoa yake na kumwachia mkewe kulisikia mbele ya ukoo mzima. Kwa wiki kadhaa Bibi hakutaka picha yake itajwe. Baadaye alimwita Mama, akamwagiza amtafute huyo mwanamke wa Jinja. Alipokuja, Bibi alimpapasa uso, paji la uso, pua, kidevu, kisha akasema tu, "Mpeni chai." Hawajawa marafiki. Lakini shangazi yetu huyo analima ekari yake, na hupita kumsalimu Bibi kila msimu wa kupanda.

Nimefikiri sana juu ya mzee aliyeweza kumchemshia mkewe uji kwa miaka tisa na asiweze kulitamka jina moja. Nadhani mapenzi yake yalikuwa ya kweli, na hofu yake pia. Kalamu ilifanya kile ambacho ulimi ulishindwa kufanya. Katika safari yake ya mwisho, gadi alihesabu mabehewa yote.

Je, kama asingeandika? Nchini Uganda, Sheria ya Urithi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mtu akifa bila wasia, akiacha makundi yote ya warithi, mjane au mgane hupata asilimia 20 ya mali, watoto na vizazi vyao asilimia 75, jamaa waliokuwa wakimtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi wanandoa ina ulinzi wake, na kumfukuza mjane humo ni kosa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto. Kwa hiyo binamu yule hakuwa na haki hata bila bahasha. Lakini Bibi hakuijua sheria hiyo, wala Mama, wala mimi mwalimu ninayejigamba kufundisha uraia. Tulikuwa tumeanza kuinamisha vichwa. Haki isiyojulikana na mwenyewe haimlindi hadi apatikane mtu wa kuitamka.

Wasia si shughuli ya matajiri, wala hauharakishi kifo. Uandike kwa maneno yaliyo wazi, utie saini mbele ya mashahidi wawili wazima wa akili ambao hawarithi kitu, wala waume au wake zao hawarithi, kwani aliyeshuhudia anaweza kupoteza alichoachiwa. Umkabidhi mtu mwaminifu. Na kama kuna jina ambalo hujalitamka nyumbani, litamke ungali hai. Usimwachie mwalimu mstaafu kulisoma.

Taa ya Babu ipo mezani kwangu ninapoandika. Kioo chake chekundu kina ufa. Kando yake pana karatasi ambayo nimeandika jina langu na tarehe tu, na mke wangu ameniuliza mara mbili itajazwa lini. Wewe yako iko wapi?