Bombay, Mji Ulishao Wageni

Si rahisi mtu kueleza kwa nini aupenda mji fulani. Akiulizwa atataja majumba, au bahari, au biashara, na vitu hivyo hupatikana katika miji mingi. Lakini waupendao mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai, huanza kwa kutaja chakula, na mara baada ya chakula hutaja watu. Wala hawakosei, kwa kuwa katika mji ule mambo haya mawili hayatengani.

Zamani Bombay ilikuwa visiwa saba. Wareno walivitoa kwa Mfalme wa Uingereza katika mapatano ya ndoa ya mwaka 1661, naye mwaka 1668 akaikabidhi Kampuni ya East India kwa kodi ya paundi 10 kwa mwaka. Baadaye maji yaliyotenga visiwa hivyo yalifukiwa, ikawa nchi moja. Mwaka 1853 reli ya kwanza ya abiria katika Bara Hindi ilifunguliwa kutoka hapo mpaka Thane, kisha vikajengwa viwanda vya pamba, na watu wakamiminika kutafuta kazi: Wamarathi wa Konkan, Wagujarati, Waparsi, Wakristo wa Goa, Mabohora na wengine wengi. Kila kundi lilikuja na chungu chake.

Waafrika pia walikuwamo. Katika karne ya 19 watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walishushwa Bombay, na baadhi yao wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono karibu na Nasik. Kijiji cha Freretown kilipoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1874 na 1875, wengi wao waliletwa kukaa huko, wakajulikana kama Waafrika wa Bombay. Kijiji chenyewe kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa Gavana wa Bombay tangu mwaka 1862 hata 1867. Watu hao hawakwenda Bombay kwa hiari yao. Hata hivyo, mji huo umo katika asili ya baadhi ya jamaa za pwani ya Kenya, na si katika habari za wenye maduka peke yao.

Turudi kwenye chakula. Kinachopendwa kuliko vyote ni chakula cha maskini, nacho huitwa vada pav. Viazi huchemshwa na kupondwa, hutiwa pilipili mbichi, kitunguu saumu na manjano, kisha hufanywa donge, huchovywa katika unga wa dengu uliokorogwa na kukaangwa. Mtu wa Mombasa angesema ni ndugu wa viazi karai. Donge hilo moto huwekwa ndani ya mkate mdogo wa ngano, pamoja na chatini kavu ya kitunguu saumu. Jina la mkate huo, pav, latokana na Kireno. Yasemekana kwamba mtu wa kwanza kukiuza aliweka meza yake karibu na stesheni ya Dadar mwaka 1966. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza kukila akiwa amesimama, kwa senti chache, akawahi zamu yake.

Tena wako dabbawala, yaani wachukuzi wa vyakula, ambao kazi yao ilianza mwaka 1890 hivi. Asubuhi hukusanya mikebe ya chakula kilichopikwa majumbani, huisafirisha kwa baiskeli, kwa treni na kwa vichwa vyao, na adhuhuri kila mkebe humfikia mwenyewe kazini. Alama na rangi zilizopakwa juu ya mkebe huonyesha stesheni, jumba na ghorofa. Sababu ya taabu yote hiyo ni kwamba kila mtu ana miko yake. Huyu hali nyama, yule ni Mjaini asiyekula hata kitunguu, mwingine ni Mwislamu atakaye halali. Lakini mikebe yao yote husafiri katika sanduku moja, wala mchukuzi haulizi kilichomo. Ugonjwa wa korona ulipofunga maofisi mwaka 2020, wengi wa wachukuzi hao walikosa kazi wakarudi vijijini, na idadi yao ikapungua sana.

Tabia ya watu wa mji ule ilionekana wazi tarehe 26 Julai 2005. Siku hiyo mvua ya milimita 944 ilipimwa Santacruz katika muda wa saa 24. Treni zilisimama, mamia ya watu walikufa, na maelfu walikwenda kwa miguu usiku kucha wakiandama njia za reli. Wakaaji wa vibanda na wa majumba walitoka nje wakawapa wapita njia chai, biskuti na mahali pa kulala, bila kuuliza dini wala kabila.

Waswahili husema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bombay humpa mgeni jembe siku ya kwanza, ila humpa na chakula. Lakini si kila aliyeshika jembe hilo alitendewa haki. Mwezi wa Januari 1982 wafanya kazi wapatao 250,000 wa viwanda vya pamba waligoma, wakitaka mishahara bora. Hawakushinda. Viwanda vingi vilifungwa, na baadhi ya waliokosa kazi wakaanza kuuza vada pav barabarani ili watoto wao wapate kula. Leo, mahali palipokuwa na mitambo pamesimama maduka ya fahari na majumba marefu, ambamo watoto wa wafanya kazi hao hawawezi kupanga hata chumba kimoja.

Basi mtu aupendaye mji kwa sababu ya chakula chake ana deni. Alapo mkate wa senti chache na kuusifu, yampasa aulize pia aliyeupika analala wapi, na kama kesho atakuwa na mahali pa kuweka meza yake. Wapishi wakifukuzwa, majumba yatabaki na bahari itabaki, lakini Bombay ile wanayoipenda haitakuwapo tena.