Bawa Halidanganyi

Tumemzika Jaduong', mzee aliyenifundisha kufuga kanga, na tangu siku hiyo wateja wananipigia mimi simu kuuliza walichokuwa wakimuuliza yeye: huyu kanga ni wa rangi gani?

Kwa Kijaluo awendo ni kanga, nami ni mzaliwa wa Awendo. Utotoni nilikuwa nikiwafukuza kanga wa porini waliojificha kwenye miwa. Baba alikuwa mkata miwa wa kiwanda cha sukari cha SONY, karo ikamshinda, nikapelekwa kwa Jaduong' kuchunga ndege wake. Sikurudi shuleni.

Somo la kwanza lilikuwa bawa. Jaduong' alimshika kanga kwa mwili mzima, maana ukimshika mguu unamvunja, kisha akalikunjua bawa juani. "Wuoda, mwanangu, mgongo kila mtu anauona. Tazama huku." Mgongoni madoa meupe yalikuwa ya duara, kama tone la maziwa. Ukingoni mwa bawa yalinyooka yakawa michirizi. Huyo ndiye kanga wa kawaida. Zambarau halisi hana madoa mgongoni. Yamebaki machache mbavuni na ukingoni mwa bawa, na jua likimpiga hung'aa zambarau. Mweupe hutotolewa akiwa mweupe tangu yai.

Ugomvi wetu mkubwa ulitokana na dume wa kijivu chepesi, aliyenigharimu akiba ya mwaka. Nilimpandisha kwa jike wa kawaida, nikaatamisha mayai chini ya kuku wa kienyeji. Siku ya 28 walitoka vifaranga wa kahawia wenye mistari, wakakua wa kawaida wote. Mteja aliyetanguliza pesa akaniita mwizi mbele ya soko. Nikataka kumchinja yule dume.

"Rangi haijafa," Jaduong' alisema, "imejificha." Nilibisha kwa hasira. Akawachukua watoto wale, akawapandisha wao kwa wao. Msimu uliofuata, kati ya vifaranga 19, wanne walikua wa kijivu chepesi. Aliniletea mmoja mikononi, hakusema neno. Rangi ile inahitaji baba na mama wote wawili waibebe. Nimeyathibitisha hayo mara nyingi tangu hapo, na bado kuna wafugaji wazee wanaonibishia.

Vijana, nawaona mkilipia vifaranga wa siku moja mkiambiwa ni zambarau. Mchuuzi wa namna hiyo aliwahi kunitapeli mimi pia. Msinunue jina la rangi. Ombeni kuwaona wazazi wote wawili, subirini mistari ya utotoni ipukutike na madoa yatokee, kisha kunjueni bawa. Na kabla ya yote, chukueni kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwani kanga ni mnyamapori kwa sheria ya Kenya.

Mji wetu una jina la ndege huyu. Ni aibu mtoto wa Awendo kutapeliwa kanga.