Barua za Dora

Katika filamu nyingi za makuzi, anayetarajiwa kukua ni mtoto. Mzee huwekwa kando yake awe kisima cha hekima, achotwe maji na kuachwa pale pale alipokuwa. Central do Brasil, filamu ya Kibrazili iliyoelekezwa na Walter Salles na kutolewa mwaka wa 1998, haikufuata mkondo huo. Mzee wa humu ni tapeli.

Dora ni mwalimu mstaafu. Huketi na meza yake katika kituo cha garimoshi jijini Rio de Janeiro, akiwaandikia barua watu wasiojua kusoma wala kuandika. Wateja humlipa ujira wa kuandika, na humlipa tena ili barua zifike posta. Jioni hurudi nazo nyumbani, akazisoma na jirani yake Irene huku wakicheka. Nyingine huraruliwa, nyingine hutupwa ndani ya droo. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuutazama uhalifu huu kwa jicho kali. Asiyejua kuandika amemkabidhi ajuaye si pesa tu, bali sauti yake.

Miongoni mwa wateja hao ni Ana, aliyekuja na mwanawe Josué, mwenye umri wa miaka 9, kumwandikia baba wa mtoto. Baadaye Ana anagongwa na basi nje ya kituo na kufa. Dora anamchukua mtoto, kisha anamuuza, na kwa fedha hizo ananunua televisheni. Ni karipio la Irene linalomrudisha kumwiba Josué kwa waliomnunua. Ndipo inapoanza safari ndefu ya kwenda kaskazini-mashariki kumtafuta baba.

Urafiki wao, basi, hauzaliwi na huruma. Josué anajua fika kwamba mama huyu ni mwongo, naye humwambia hivyo waziwazi. (Fernanda Montenegro, aliyeigiza Dora, alitunukiwa tuzo mjini Berlin; Vinícius de Oliveira, aliyeigiza Josué, alikuwa akipiga watu viatu rangi uwanja wa ndege alipokutana na Salles. Ukavu wa mtoto huyo mbele ya kamera haufundishiki.) Fedha zinapowaishia katika mji wa mahujaji, Josué ndiye anayebuni njia: anawaita wapita njia waje waandikiwe barua. Safari hii Dora anazipeleka posta.

Yapo mambo yanayochusha kidogo. Baba anaitwa Jesus, naye ni seremala. Ndugu zake Josué ni Isaías na Moisés. Ishara hizi zingetosha nusu yake.

Lakini tukio la nyumbani kwa ndugu hao linafuta dosari zote. Baba hayupo, ameacha barua ambayo ndugu hawawezi kuisoma. Dora anaisoma kwa sauti. Anapofikia majina ya wale ambao baba anatamani kuwaona pamoja, anatua, anamtazama mtoto, kisha anamtaja Josué. Mtazamaji makini atashuku kwamba jina hilo halimo karatasini. Ikiwa ni hivyo, huo ndio uongo wa Dora asioulipisha.

Alfajiri anaondoka kimya kimya, watoto wakiwa wamelala. Ndani ya basi anatoa karatasi na kalamu, machozi yakimtoka, akaanza kumwandikia Josué. Hakuna mteja aliyeketi mbele yake.